Mhudumu wa ndege naye alale

Abiria wa ndege ya saa kumi na mbili asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hupokelewa mlangoni na binti aliyevaa sare iliyonyooka, nywele kazibana, tabasamu liko tayari. Wachache hujiuliza ameamka saa ngapi. Nitawaambia, maana kazi hiyo nimeifanya. Nilianza kwenye ndege za pangaboi za safari za ndani, nikaenda kuruka na shirika kubwa la nchi za Ghuba, na sasa nawafundisha vijana wanaotaka kuingia.

Ndege ya saa kumi na mbili humtaka mhudumu awe ameripoti uwanjani Kipawa mnamo saa kumi na dakika arobaini na tano alfajiri. Gari la kampuni halimfuati yeye peke yake. Linazunguka Tegeta, Mbezi, Sinza, Tabata, likiokota mmoja mmoja. Aliye mwanzo wa njia hupigiwa simu na dereva saa tisa na nusu, na kabla ya hapo awe ameoga, amevaa na kujiremba kwa kiwango ambacho kampuni imekiandika kitabuni, kuanzia rangi ya kucha hadi urefu wa kisigino. Kwa hiyo ameamka saa nane na nusu usiku. Kama ana mtoto mchanga nyumbani, msomaji atakadiria mwenyewe alilala kiasi gani kabla ya hapo.

Nichukue siku ya mfano kwa mtu anayeruka safari za ndani. Dar kwenda Mwanza, Mwanza kwenda Bukoba, kurudi Mwanza, kurudi Dar, kisha mchana Zanzibar na kurudi. Miruko sita. Ukijumlisha muda ambao ndege iko angani hazifiki saa sita, na mtu wa ofisini akiona hesabu hiyo kwenye karatasi atasema binti huyu kafanya kazi nusu siku. Lakini hata kama ndege haikuchelewa popote, anaachiwa saa tisa alasiri na dakika zake, zaidi ya saa kumi tangu aripoti. Mawingu yakishuka Bukoba asubuhi, kama yanavyofanya mara nyingi pale ziwani, ndege ikasubiri Mwanza saa mbili, basi anaachiwa saa kumi na moja jioni, foleni ya Barabara ya Nyerere inamngoja, na Tegeta anafika giza limeingia.

Na saa hizo hakukaa. Kila mruko kazi inaanza upya: ahesabu abiria, amhamishe mama mwenye kichanga kutoka safu ya mlango wa dharura, auondoe mzigo uliozuia njia, afunge mlango na kuhakikisha umefungika, aonyeshe mkanda na boya, apite kukagua kila kiuno. Ndege ikiwa bado inapanda, sakafu imeinama, anaanza kusukuma toroli. Agawe, akusanye, apite tena kukagua, akae kwa ajili ya kutua. Abiria wakishuka, apekue mifuko ya viti na makabati ya juu, kwa kuwa kitu kilichosahaulika ndani ya ndege ni jambo la usalama na si la usafi peke yake. Hajamaliza kunyoosha mgongo, wengine wako ngazini. Safari ya Zanzibar ni dakika ishirini na kitu, na yote hayo lazima yaingie humo. Kwenye ndege ya pangaboi yenye viti sabini na kitu wahudumu huwa wawili, kwa sababu kanuni inayotumika sehemu kubwa ya dunia ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Chakula chake anakula amesimama nyuma ya pazia, akikatizwa na kengele.

Ninachotaka kusema ni hiki: tunahesabu saa za mhudumu wa ndege mahali pasipo pake. Tunahesabu muda wa ndege angani, wakati kinachomchosha ni idadi ya mara alizofunga na kufungua mlango, saa aliyoamka, na usingizi alioupata kabla ya kurudi tena kazini. Hesabu ikianzia pabaya, kikomo chochote kitakachowekwa juu yake kitakuwa na sura ya sheria tu.

Wapo waliokwisha kulitambua hili. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Februari 2016 zinawahusu marubani na wahudumu kwa pamoja. Zinahesabu tangu mtu anaporipoti hadi ndege inapoegeshwa kwa mara ya mwisho siku hiyo. Aliyeripoti asubuhi baada ya jua kuchomoza, mwenye mruko mmoja au miwili, ana kikomo cha saa 13. Kuanzia mruko wa tatu, kila mruko unaoongezeka unapunguza nusu saa. Aliyeripoti kabla ya saa kumi na moja alfajiri anaanzia saa 11, na akiwa na miruko sita kikomo chake cha kawaida kinashuka hadi saa 9. Rudini kwenye siku yangu ya mfano: kutoka saa kumi na dakika arobaini na tano alfajiri hadi kuegesha kutoka Zanzibar ni karibu saa 10, bila kuchelewa popote. Siku hiyo, ambayo kwetu mtu angeiita nyepesi, mpangaji wa rosta wa Ulaya asingeipanga hivyo.

Kuna vikomo vingine humo vinavyofaa kutajwa: saa 60 za kazi ndani ya siku saba mfululizo, saa 190 ndani ya siku 28, na kwa saa za kuruka zenyewe, 900 kwa mwaka wa kalenda. Mtu akisikia saa 900 kwa mwaka anacheka, kwa sababu karani wa benki anazidi 2,000. Ndiyo maana nasisitiza tuache kupimana kwa saa za kuruka.

Safari ndefu zina ugumu wake, nami nimezifanya. Kenya Airways ilipoanza kuruka Nairobi hadi New York moja kwa moja Oktoba 2018, safari ya karibu saa 15, watu wengi walijua kwamba wahudumu wa safari kama hiyo hulala kwa zamu. Boeing 787 ina vitanda vyao, vimefichwa juu ya dari upande wa nyuma. Safari ndefu inatisha, hivyo imepata kitanda na imepata kanuni. Binti wa miruko sita hana kitanda, hana hata kiti cha kuegemea zaidi ya kile kidogo kinachojikunja ukutani, na uchovu wake hautangazwi popote kwa sababu kila safari yake ni fupi.

Kwa nini abiria ajali? Kwa sababu chai na karanga si kazi yetu ya kwanza. Tuko ndani ya ndege ili kuwatoa watu. Ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka mtengenezaji aonyeshe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Sekunde hizo hazisimamiwi na rubani. Zinasimamiwa na mtu aliyesimama mlangoni.

Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye barabara ya kutulia uwanja wa Haneda, Tokyo. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki. Kwenye ile kubwa walikuwa watu 379, na moto ulikuwa tayari unawaka nje ya madirisha. Mfumo wa matangazo uliharibika. Wahudumu, tisa kwa jumla, walitumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Kila mmoja alichungulia nje kupitia dirisha la mlango wake, akaamua kama moto uko pale au haupo. Kati ya milango minane walifungua mitatu, na watu wote 379 wakatoka. Nyuma, ambako mawasiliano na chumba cha rubani yalikatika, uamuzi ulifanyika bila amri ya kapteni. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wautazame mlango ambao haukufunguliwa, kwa sababu kuuacha umefungwa huku watu wanapiga kelele kunahitaji akili iliyo macho kuliko kuufungua.

Kwetu tunayo Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua, ikiwa na watu 43. Walifariki 19, na miongoni mwao marubani wote wawili. Waliookoka 24 walitoka katika maji, wengine kwa msaada wa wavuvi waliowahi na mitumbwi. Siitaji ajali hiyo kwa kuwa uchovu wa mhudumu ulihusika. Naitaja kwa sababu upo wakati ambapo marubani hawawezi tena kutoa amri, na wafanyakazi wanaobaki na abiria ni wahudumu wawili na chochote walicho nacho kichwani.

Uchovu unakila kichwa hicho kabla haujaila miguu. Watafiti wamepima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, wakakuta utendaji wao uko sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Kwenye saa 24 hali ni kama ya asilimia 0.10. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wa binadamu unadai kulala hata kama mtu alipumzika mchana. Ongeza hewa ya ndani ya ndege, ambayo ndege ikiwa juu kabisa inaruhusiwa kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400, juu zaidi ya Njombe mjini. Nikiwa Ghuba, katika safari ya usiku wa manane, mwenzangu wa mlango wa upande wa pili aliniuliza kama mlango wake uko tayari. Nikamwonyesha kiashiria, akakitazama, akaitikia. Akaniuliza tena. Akakitazama tena. Tulipokuwa tunaelekea kwenye barabara ya kurukia akaniuliza mara ya tatu. Alikuwa miongoni mwa wahudumu makini kuliko wote niliofanya nao kazi, na macho yake yalikuwa wazi kabisa.

Hapo ndipo suala la mapumziko linapoingia, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Marekani, baada ya ajali ya ndege karibu na Buffalo iliyoua watu 50 Februari 2009, iliandika upya kanuni za mapumziko ya marubani. Tangu Januari 2014 rubani wa ndege za abiria akawa na haki ya saa 10 za mapumziko kabla ya kurudi kazini. Wahudumu wakaachwa walikokuwa: saa 9, ambazo shirika lingeweza kuzipunguza hadi 8. Ndege moja, gari moja la kwenda hotelini, hoteli moja, na asubuhi wanarudi pamoja, lakini mmoja sheria ilimpa saa 10 na mwingine hata 8. Bunge la nchi hiyo lilipitisha saa 10 kwa wahudumu mwaka 2018. Kanuni yenyewe ilitoka Oktoba 2022, miaka minne baadaye.

Mtu asiyewahi kulala nje kikazi ataona saa nane zinatosha, kwa kuwa madaktari wanasema tulale saa nane. Zihesabu basi. Umeachiwa kazini, bado uko uwanjani. Uhamiaji, mizigo, kungoja gari mpaka wote watimie, barabara. Kuna mji mmoja ambako hoteli tuliyopangiwa ilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka uwanjani bila foleni. Ukifika, dawati la hoteli lina watu wengine mbele. Uoge, ule kitu, uongee na nyumbani kama bado hawajalala. Asubuhi uamke mapema ujirembe kwa kile kiwango cha kitabuni, na gari tena. Katika saa nane usingizi unabaki wa saa nne au tano, katika kitanda kigeni, na mlango wa jirani unagongwa na mtu wa usafi.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa kawaida saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku na siku. Mhudumu wa mgahawa wa Kariakoo ana haki hiyo. Sekta ya anga ina kanuni zake kwa sababu ndege haiwezi kusimama hewani zamu ikiisha, na hilo nalielewa. Lakini kanuni maalumu zingepaswa kumlinda zaidi mtu ambaye kosa lake linaua watu kwa makumi. Ulaya mhudumu akiwa kwenye kituo chake cha nyumbani hupumzika saa 12 au muda sawa na aliofanya kazi, ule ulio mrefu zaidi. Akiwa nje ni angalau saa 10, na ndani yake lazima zipatikane 8 za kulala, safari ya kwenda hotelini ikiwa imezingatiwa. Hicho kipengele cha mwisho ndicho ninachokitaka kwetu kiandikwe kwa maneno yasiyo na shaka: saa ya mapumziko ianze mhudumu anapokabidhiwa ufunguo wa chumba.

Nikiyasema haya mbele ya wahudumu wenyewe, wa kwanza kunipinga huwa ni wao, na wana hoja ambayo anayetaka kuwatetea hawezi kuiruka. Mshahara wa msingi ni mdogo. Kinachojaza bahasha ni malipo ya saa za kuruka na posho ya kulala nje. Ada ya mtoto imo kwenye miruko. Kodi ya nyumba imo kwenye usiku wa Mwanza. Ukimwambia binti huyo kwamba umempunguzia safari ili apumzike, umemkata mshahara. Nimewaona watu wakificha homa wasiondolewe kwenye rosta. Nimewaona wajawazito wakichelewa kusema kwa sababu siku wanayosema ndiyo siku wanayoshushwa chini, na aliyeshushwa chini anabaki na ule msingi.

Kwa hiyo kikomo cha saa bila kugusa namna ya kulipa kitamwadhibu yule yule tunayetaka kumlinda. Mambo haya mawili yaende pamoja. Sehemu nyingi duniani saa ya malipo huanza ndege inapoanza kusogea na kuisha inaposimama. Kupandisha abiria, kushusha, kungoja mvua iishe Mwanza, yote hayo ni kazi ambayo malipo hayaijui. Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, na dai lao kubwa mojawapo lilikuwa hilo la kazi ya chini isiyolipwa. Serikali iliamuru warudi kazini, wakakataa, na baada ya siku tatu au nne pande mbili zikapata makubaliano. Delta ya Marekani ilianza mwaka 2022 kulipa muda wa kupandisha abiria, ingawa kwa nusu ya kiwango. Sipendi nusu hiyo, kwa sababu muda wa kupandisha ndio mgumu kuliko wote. Ndipo unapomtambua aliyelewa, anayeumwa, mwenye hofu, na anayeweza kukusaidia mlangoni mambo yakiharibika. Lakini angalau muda huo umekubalika kuwa kazi.

Mashirika yatasema ndege ni chache, wahudumu ni wachache, na mmoja akikosekana safari inafutwa na abiria wanalala kwenye mabenchi. Nimekuwa upande ule wa kaunta abiria wanapopiga kelele, najua si maneno matupu. Ila shirika linalofuta safari kwa kukosa mhudumu mmoja limejipanga bila akiba, na akiba hiyo sasa inachukuliwa kutoka kwenye usingizi wa watu. Ajirini vijana. Ninao darasani, wamehitimu, wanauza vocha wakingoja simu.

Kuna hoja nyingine wanayoitoa, kwamba shirika litakalobanwa hapa litashindwa na la nchi jirani lisilobanwa. Hiyo ina jibu tayari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao Entebbe, na kazi yake hasa ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Mhudumu wa Kitanzania, wa Kenya, wa Rwanda na wa Uganda wanakutana kwenye viwanja vile vile. Kikomo kinachopungua kwa kila mruko, na mapumziko yanayoanzia kwenye ufunguo wa chumba, yakiandikwa kwa nchi zote kwa siku moja, hakuna atakayeonewa.

Katika kuandika huko, wasiisahau zamu ya akiba, ile ya kukaa nyumbani na simu mkononi. Mtu anaamka alfajiri kwa sababu anaweza kuitwa, anashinda hivyo bila kulala, anaitwa saa nane mchana, na hesabu ya rosta inamwona kama mtu aliyeamka saa nane mchana. Ulaya wameweka kwamba akiba na kazi vikiunganishwa, mtu asipangwe akae macho zaidi ya saa 18. Hata hiyo naiona ni nyingi. Na iwepo fomu ya kusema nimechoka, siwezi kuruka leo, ambayo meneja hawezi kuiweka kwenye faili la nidhamu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linazitaka nchi ziwe na kanuni za kudhibiti uchovu wa wahudumu na si wa marubani pekee. Mamlaka zetu zinapokwenda kukagua mashirika, ziombe kuona fomu hizo. Shirika lenye wahudumu mamia ambalo kabati lake halina fomu hata moja kwa mwaka mzima, hapo mkaguzi avute kiti na aanze kuuliza maswali, kwanza kwa mpangaji wa rosta.